Suali na Jawabu: Root ananikatalia, paswedi ni sahihi

SUALI: Assalamu alaykum. Mie nipo Wete, nimemtengenezea ami programu ya PHP ya kuandikia pishi za wachumaji karafuu, nani kachuma ngapi na anadai shilingi ngapi. Kwenye laptopu nnatumia XAMPP (kifurushi chenye seva ya wavuti, PHP na databesi), root, yaani mtumiaji mkuu, bila paswedi, inakwenda vizuri tu. Nimeihamishia kwenye seva ya Ubuntu yenye MySQL (programu ya databesi), naambiwa "Access denied for user 'root'@'localhost'", namba 1698. Paswedi kwenye faili la konfigi nshabadilisha mara tatu, MySQL nshaifuta nikaiweka upya, wapi! Na ami kila jioni anauliza.

JAWABU: Wa alaykum salaam. Yakhe, acha kuifuta MySQL, haina kosa. Ingekuwa umekosea paswedi kawaida ungeona 1045. Kwenye Ubuntu root wa MySQL analindwa na kitu kinaitwa auth_socket, hiki hakitazami paswedi kabisa, kinatazama aliyepiga hodi ni nani kwenye mashine yenyewe. Ndo maana ukiandika sudo mysql unaingia moja kwa moja, saa ile wewe ni root wa Ubuntu. Lakini PHP yako ikipita kwa Apache, programu inayohudumia kurasa za wavuti, inajulikana kama mtumiaji www-data, sasa www-data aje mlangoni aseme mie root, nani atamfungulia? Hata umpe paswedi ya herufi mia.

Wapo watakaokwambia umgeuze root atumie paswedi, na kweli itafanya kazi, ila mie siipendi hata kidogo, programu ya pishi unaipa ufunguo wa nyumba nzima ya nini? Ingia kwa sudo mysql, tengeneza databesi yako kama bado, halafu mtengenezee programu mtu wake:

CREATE USER 'karafuu'@'localhost' IDENTIFIED BY 'paswedi-yako';
GRANT SELECT, INSERT, UPDATE ON mashamba.* TO 'karafuu'@'localhost';

Hapo mashamba ni jina la databesi, weka la kwako. Ruhusa ya DELETE (kufuta) sijampa makusudi, safu ya mchumaji anayedai isije ikapotea kwa mtu kubonyeza vibaya. Na hiyo 'localhost' usiione pambo, kwa MySQL ni sehemu ya jina, 'karafuu'@'localhost' (wa mashine hiyo hiyo) na 'karafuu'@'%' (wa mashine yoyote) ni watu wawili mbali mbali kila mmoja na paswedi yake na ruhusa zake, wengi wanakwama hapo siku wanapoiweka programu mashine nyengine na databesi nyengine.

Kabla hujagusa PHP jaribu kwanza kwenye tamino, lile dirisha la kuandikia amri: mysql -u karafuu -p mashamba. Ukiingia, basi kilichobaki ni konfigi yako tu, badilisha root uweke karafuu, na faili hilo lenye paswedi litoe ndani ya /var/www/html uliweke folda ya nje yake ambayo brauza haifiki. XAMPP nako mtengeneze karafuu huyo huyo, usiwe unabadilisha kila ukihama.