Majengo yale meupe yapo kweli

Ndugu, umeuliza kama majengo meupe ya kipindi kiitwacho Smile cha Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya Uingereza, kilichorushwa mwaka 2017, yalichorwa kwa kompyuta. Hapana, yapo mjini Valencia, Hispania, na yanaitwa Ciudad de las Artes y las Ciencias, yaani Mji wa Sanaa na Sayansi. Yalisanifiwa na Santiago Calatrava, mzaliwa wa Valencia, pamoja na Félix Candela, na la kwanza kufunguliwa, mwaka 1998, lilikuwa L'Hemisfèric, lenye umbo la jicho ambalo hukamilika pale taswira yake inapoonekana katika bwawa lililo kando yake. Watayarishaji wa Westworld, tamthilia ya televisheni ya Marekani, nao walipatumia katika msimu wa tatu, mwaka 2020. Kwa maoni yangu, kinachowavuta si ugeni wa maumbo tu, bali uwazi wa mahali penyewe: eneo hilo ni mkondo wa zamani wa mto Turia, ulioelekezwa kwingine baada ya mafuriko ya mwaka 1957, hivyo kamera hupata zege jeupe, maji na anga bila nyumba za kawaida kuingilia sana. Ukikaribia (jambo ambalo televisheni hulificha) utaona sehemu nyingi zimefunikwa kwa vipande vya vigae vilivyovunjwa.