Tanki la matumbawe ghorofani: anza na meza

Kaka, umeuliza kama meza ya mninga itabeba tanki la matumbawe la sm 180 kwa 70 kwa 65, ghorofa ya kwanza. Piga hesabu kwanza: hizo ni lita 819, na maji ya chumvi ni mazito kidogo kuliko ya bomba, kwa hiyo tayari una kilo 840 hivi. Ongeza vioo, mawe na tanki la chini la kuchujia, unavuka tani moja bila ubishi. Kabla ya fundi meza, mwite mhandisi aiangalie slabu.

Mninga ni mzuri, ila ufanye milango tu. Fremu iwe ya chuma, skwea paipu, na usibane hela kwenye rangi: chumvi huanza kula kwenye kona za kuchomelea, pale brashi ya fundi haifiki. Apake rangi ya epoksi kabla plaiwudi haijafungwa. Kisha pimamaji, pande zote nne na mshazari.

Kosa langu mimi lilikuwa tanki la chini. Nililijaza karibu na ukingo, umeme ukakatika usiku, pampu inayopandisha maji ikasimama, maji ya juu yakashuka na mabomba, asubuhi nakanyaga zulia linafanya chwa! Acha nafasi, na siku ya kwanza zima pampu mwenyewe mchana uone yanaishia wapi. Halafu hakikisha mlango wa meza unatosha kulitoa tanki hilo. Wangu hautoshi mpaka leo.