Maswali Yenu: Chuo kina hela za kumwaga, mbona timu ya riadha inabanwa?

Swali: Habari za kazi kaka mhariri. Mtoto wa kaka yangu yuko Marekani mwaka wa pili, anakimbia mita 800 na 1,500, alipata skolashipu ya nusu, hiyo nusu nyingine tunachangishana ukoo mzima mpaka shangazi yake wa Mbagala kauza kiwanja. Juzi katuma voisi noti eti chuo kinapunguza timu ya riadha ya wanaume, bajeti haitoshi. Sasa mimi picha za hicho chuo nimeziona, wana uwanja mkubwa kuliko wa Mkapa! Hela zinaenda wapi? Na kijana atarudishwa au? — *Baba mdogo, Kimara*

Jibu: Pole kaka, na shangazi msalimie sana. Huo uwanja uliouona sio wa riadha, ni wa ile futiboli yao ya kuvaa helmeti, na hapo ndo stori yote ilipo. Mkapa inaingiza watu elfu 60, ule wa chuo cha Michigan unapita laki moja na unajaa, bado hujaweka hela za tivii. Futiboli na basketi ya wanaume ndo zinaingiza mkwanja, riadha inakula tu. Ni kama mapato ya getini ya dabi ya Simba na Yanga yakalipie timu ya netiboli, kocha wake, basi lake na viatu vyake, siku wenye dabi wakidai chao unajua nani anaanza kuguswa.

Na riadha inakula kweli. Kijana wako wa mita 800 mpe spaiki na tiketi ya ndege kamaliza, lakini kuna mrusha mkuki, kuna wa tufe, wa kuruka viunzi, wa kuruka kwa upondo, hao hawafundishwi na kocha mmoja, na huo upondo wenyewe unafika mita nne na zaidi, kaupeleke eapoti uone watakavyokuangalia. Halafu wakifika huko kwenye mashindano, jukwaani wazazi na wachumba.

Utauliza kwa nini hawakuifuta zamani. Hesabu tu kaka. Chuo chenye futiboli ya daraja la juu kule lazima kiwe na michezo isiyopungua 16, na riadha inahesabiwa mitatu: mbio za nyika, riadha ya ndani na ya nje, vijana wale wale. Nje ya hapo sidhani kama ingepona. Tatizo linakuja upande wa wanaume, maana kuna sheria ya 1972 inayodai usawa wa wanawake na wanaume kwenye elimu mpaka michezoni, na futiboli peke yake inabeba wavulana mia na ushee, kwa hiyo wakitaka kusawazisha, panga linashukia wavulana wa michezo mingine. 2020 tuliona, chuo cha Minnesota wakafuta riadha ya ndani ya wanaume, chuo cha Brown wakafuta riadha ya wanaume yote na kuirudisha ndani ya wiki chache baada ya kelele, chuo cha Clemson nao wakatangaza Novemba kwamba wanafuta, Aprili 2021 wanasheria walishaingia wakarudisha.

Kilichokaza zaidi ni ile kesi ya House, wanamichezo wa vyuo walioshitaki shirikisho la michezo ya vyuo wakidai walipwe. Juni 2025 jaji kapitisha makubaliano, chuo sasa kinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, na kwa mwaka wa kwanza (2025-26) kikomo kilikuwa kama dola milioni 20.5. Sehemu kubwa inaenda kwa wale wa futiboli na basketi, ila mfuko ni ule ule. Zamani timu ya riadha ya wanaume ilikuwa na kikomo cha skolashipu kamili 12.6, zinakatwakatwa kwa watu thelathini arobaini, ndo maana kijana wako kapata nusu (na nusu kule ni bahati kaka, kuna wanaoishi na robo). Sasa kwa vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano kikomo hicho hakipo, kuna nafasi 45 tu kwenye timu, na chuo kinaweza kuwafadhili wote 45. Kinaweza, lakini hakuna anayekilazimisha.

Tuje kwa kijana. Asifungashe mabegi. Kwanza aitafute ile barua ya skolashipu aisome yote, aone imetolewa kwa mwaka mmoja au mpaka amalize, na kiasi gani ni cha michezo na kiasi gani ni cha masomo, kwa sababu ya masomo haifi timu ikifa. Wakimpunguzia au wakikataa kumuongezea mwaka, wanatakiwa wamwandikie na wampe nafasi ya kukata rufaa, na wanaoisikiliza wanakuwa nje ya idara ya michezo, wengi hawaijui hii wanalia chumbani. Vyuo vingi vinavyofuta timu vinaendelea kuheshimu skolashipu za waliopo, sasa hiyo ahadi aiombe kwa maandishi, maneno ya kocha mwachie kocha. Akitaka kuhama chuo anaruhusiwa, ila kabla ya yote apite ofisi ya wanafunzi wa kigeni, maana ile fomu yao ya I-20 inaandikwa gharama za mwaka na nani analipa, ikikosewa wakati wa kuhama, viza inaingia matatani, na hilo ni baya kuliko kukosa timu.

Na kiwanja kingine kisiuzwe mpaka mjue kilichoandikwa kwenye hiyo barua.

Swali: Shikamoo anko. Mi nakimbia timu ya chuo hapa Dar. Nasikia kule wanachuo wanalipwa matangazo kwa jina na sura zao, nikienda si nitajilipia ada mwenyewe? — *Mwanariadha, Ubungo*

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Ni kweli, tangu Julai 2021 wanaruhusiwa. Ila viza ya mwanafunzi inakuruhusu kufanya kazi ndani ya chuo tu, masaa 20 kwa wiki kipindi cha masomo, na kupiga tangazo ni kazi. Wageni wengi wenye dili wanasubiri warudi likizo kwao ndo wapige picha. Tena hizo dili zinawafuata wanaoonekana kwenye tivii, sio wa mita 5,000. Mkimbiaji wetu mzee Suleiman Nyambui alipita chuo cha El Paso kule Texas na akaleta medali ya fedha ya Olimpiki ya Moscow 1980, hayo matangazo hayakuwepo. Wewe piga hesabu ya skolashipu peke yake, na mambo ya viza yanabadilika kila kukicha, uliza ubalozini kabla hujalipia chochote.