Nilikataa Kukiri Kwamba Nilikataa Kukamatwa

Alhamisi iliyopita nilipata Hati ya Tabia Njema, ile hati ya polisi ya kuonyesha kwamba huna hukumu ya kosa. Nimeisoma mara nne, ya mwisho nikimsomea mama kwa sauti pale barazani, naye akashindwa kujizuia, akalia. Nikaiweka picha yake kwenye status ya simu. Kabla ya saa mbili usiku kijana mmoja wa huku kwetu Kwale akaniandikia: "Kaka, mimi nina kesi ya kukataa kukamatwa. Jumanne nasomewa mashtaka. Naambiwa nikikiri nitapigwa faini ndogo niende zangu. Nifanyeje?"

Namjibu hapa, kwa sababu najua wengi wenu mnaitafuta hati hii hii, wa kwenda Saudia na Qatar, wa kuingia jeshini, wa kuajiriwa ulinzi mahotelini Diani. Kulipa shilingi 1,050 na kuchukuliwa alama za vidole si kazi. Kazi ni hizo alama zitakapotafutwa kule makao makuu ya polisi zisikutwe na hukumu.

Ilikuwa Ijumaa, magharibi inakaribia. Nilikuwa nimebeba mishkaki, yaani abiria wawili, kwenye pikipiki, mama mmoja na binti yake wakitoka gulioni. Hilo nilifanya, na kortini nililikiri. Kwenye njia panda wakasimama wanaume wawili, mmoja kavaa jezi ya mpira na kandambili. Huyo wa jezi akaurukia ufunguo. Sisi wa boda tumeporwa pikipiki kwa mtindo huo huo, tena kwenye njia panda hizo hizo. Nikamshika kifundo cha mkono. Sikumpiga wala sikumsukuma. Niliushika mkono uliokuwa kwenye ufunguo wangu nikamwuliza, "Nyinyi ni kina nani?" Jibu lilikuwa kofi. Nilijua ni polisi nilipoziona pingu.

Kituoni, afisa wa zamu aliandika kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, huku akitamka maneno polepole: kubeba abiria kupita kiasi. Basi. Hakuna jingine. Nililala humo siku tatu nikiamini saa 24 zangu za kikatiba zimevunjwa. Baadaye ndipo nikasoma Kifungu cha 49 mpaka mwisho: saa hizo zikiisha wakati korti imefungwa, unafikishwa siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana anayekamatwa Ijumaa hulala sana.

Jumatatu karatasi ya mashtaka ikaja na shtaka la pili, kumpinga afisa wa polisi aliyekuwa kazini, kinyume na kifungu cha 253(b) cha Sheria ya Adhabu. Kifungo chake hufika miaka 5. Shtaka lile lilizaliwa wapi kati ya Ijumaa na Jumatatu?

Kwenye korido, tukiwa tumefungwa pingu wawili wawili, niliyefungwa naye alikuwa mzee wa makamo, naye ana shtaka kama langu, lililoanzia kwenye msako wa pombe ya mnazi. Akaninong'oneza, "Kiri tu mwanangu, hakimu humhurumia anayekiri." Alikiri. Akatozwa faini. Hakuwa nayo, wala hakuna wa kwake aliyekuwepo kortini, akapandishwa gari la gereza akiwa bado amelishika kofia lake la ukili mkononi. Mimi shtaka la kwanza nilikiri nikalipa faini, la pili nikakana. Mama aliuza mbuzi wawili, shilingi 20,000 za dhamana zikapatikana.

Miezi ya katikati siisimulii. Kesi kutajwa, kuahirishwa, faili haionekani. Ila kwa kukaa kwenye lile benchi nilijifunza jinsi kesi hizi zinavyoisha. Wengi hukiri siku ya kwanza, wakapata faini, au kazi ya kuhudumia jamii, au wakaachiliwa kwa masharti chini ya kifungu cha 35 cha Sheria ya Adhabu. Wakatoka wakicheka. Hawakujua kwamba kuachiliwa huko hakufuti kosa, na kwamba aliyekiri hawezi kukata rufaa kupinga hatia, ila adhabu peke yake. Wengine kesi zao huondolewa na upande wa mashtaka chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, wakafanya sherehe, kumbe mtu anaweza kushtakiwa tena kwa jambo lile lile. Wachache hushinda kabisa, kwa sababu mlalamishi hakutokea siku ya kusikizwa, au kwa sababu ushahidi haukufika popote.

Mimi nilishinda kwa OB. Niliomba taarifa za mashahidi na nakala ya ule ukurasa, nikanyimwa, nikaomba tena mbele ya hakimu, nikapewa. Wakili sikuwa naye, wengi wanaokuja kwetu hutoka Mombasa na nauli yao tu ilinishinda. Siku ya kumhoji yule wa jezi nilikuwa na maswali matatu kwenye karatasi ya daftari.

"Afande, siku hiyo ulivaa sare?"

"La."

"Ulinionyesha kitambulisho kabla ya kuchukua ufunguo?"

Kimya. Hakimu akamwambia ajibu. "La."

"Kwenye OB mliandika wapi kwamba nilikataa kukamatwa?"

Aliufunua ule ukurasa, akaurudisha, akaufunua tena. Hakupata kitu, kwa sababu hakikuwepo. Mheshimiwa aliamua sina kesi ya kujibu, chini ya kifungu cha 210 cha sheria hiyo ya mwenendo wa kesi. Ilikuwa mwezi wa 14 tangu nikamatwe. Huo uamuzi niliuombea nakala yenye muhuri wa korti, na ile risiti ya dhamana, niliyoitunza ndani ya msahafu wa mama, ndiyo iliyoturudishia elfu ishirini zetu.

Kuna mtu mmoja wa steji yetu aliyeona yote. Nilimwomba awe shahidi wangu akaniambia ana watoto wa kulea. Tukipishana hunisalimu kama kawaida, nami huitikia, kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa. Lakini sijasahau.

Vijana wenzangu, acheni kununua usingizi wa usiku mmoja kwa jina lenu la maisha. Kama ulimpiga askari, hilo ni lako na Mungu wako na hakimu, kiri. Kama hukumpiga, usikiri. Shikeni adabu kortini, fikeni kila tarehe hata mkijua itaahirishwa, kwa maana ukikosa unatolewa hati ya kukamatwa na dhamana inapotea. Ombeni karatasi, zisomeni. Na askari akijitambulisha, nyoosha mikono umfuate, malalamiko yako yapeleke IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi. Tena nasema, usikiri usilolifanya.

Na wewe uliyeniandikia, njoo kortini Jumanne saa mbili asubuhi, kabla milango haijafunguliwa. Nitakuwa pale chini ya mwarobaini na kalamu mbili na daftari, na mama amesema atakuja na mihogo.