Nundu kichwani, mkono usioinuka: maswali kuhusu majeraha ya uzazi kwa mtoto mchanga

Mjukuu wangu alizaliwa kichwa kizuri tu. Kesho yake tukaona nundu upande wa kulia. Bibi mwenzangu anataka kuikanda kwa maji moto. Tumwache?

Hapana, bibi. Kwanza tazameni mambo mawili: uvimbe ulionekana lini, na unakomea wapi. Uvimbe anaozaliwa nao mtoto, laini, wenye kubonyea na kuvuka katikati ya kichwa, ni majimaji chini ya ngozi kwa sababu kichwa kilibanwa njiani. Huisha kwa siku mbili tatu. Huo wenu umechelewa na umekaa upande mmoja, kwa hiyo yaelekea ni damu iliyovujia kati ya mfupa na utando wake. Utando huo umeshikamana na kingo za mfupa, ndiyo maana damu haivuki kwenda mfupa wa jirani. Pitisha kidole taratibu: unakoma kama umechorewa mstari.

Huchukua wiki kadhaa kuisha, pengine hata miezi 3, na katikati ya safari kingo zake huwa ngumu kama ukingo wa sahani. Wengi hapo hudhani fuvu limevunjika. Kukanda hakusaidii, na kutoboa kwa sindano ni kuvifungulia vijidudu mlango. Cha kuchunga ni manjano ya ngozi na macho, maana damu ile inapovunjwavunjwa na mwili hutoa rangi hiyo. Mtazameni kwenye mwanga wa mchana. Yakionekana ndani ya saa 24 za kwanza, au yakifika viganjani na nyayoni siku yoyote, nendeni hospitali saa hiyohiyo.

Upo uvimbe wa tatu, na huo ndio unaotutisha. Hutokea zaidi mtoto akivutwa kwa vakyumu, yaani kikombe cha kunyonya kinachobandikwa kichwani ili kumtoa. Damu huenea chini ya ngozi ya kichwa chote bila mpaka, inatikisika kama maji ndani ya mfuko, inashuka hadi kisogoni na kusukuma masikio mbele. Mtoto wa kilo 3 ana damu kama mililita 240 mwili mzima. Hata chupa ya soda haijai. Kila sentimita 1 inayoongezeka kwenye mzunguko wa kichwa hukadiriwa kuwa mililita 40 zimevujia humo. Kwa hiyo aliyevutwa kwa vakyumu apimwe kichwa kwa tepu mara kwa mara, siyo kutazamwa tu kwa macho. Akipauka, akipumua mbiombio au akikataa ziwa, hakuna kusubiri asubuhi.

Mwanangu alizaliwa na kilo 4.3. Mkono wa kushoto umelala tu, kiganja kimegeukia nyuma kama mtu anayepokea bahasha kwa siri.

Umeueleza vizuri kuliko vitabu vingi. Kichwa kilitoka, bega likakwama, na mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi ikavutika. Watoto wakubwa, hasa wa mama wenye kisukari, ndio walio hatarini zaidi.

Weka kidole chako kiganjani mwake. Akikishika, mishipa ya chini inafanya kazi, na wengi wa hawa hupona. Asiposhika, na kope la upande huo limelegea, jeraha ni zito. Aonwe na bingwa mapema. Akivaa, mkono mgonjwa uingie kwanza. Akivua, utoke mwisho. Usimnyanyue kwa kumshika mikono wala makwapa. Mkono usinyooshwe na mkandaji, kwani huenda mfupa nao umevunjika. Mazoezi huanza baada ya siku 7 hadi 10, kwa kufundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Asipoweza kukunja kiwiko akifika miezi 3, omba rufaa kwa daktari wa upasuaji.

Ana uvimbe mgumu begani, ana siku 9.

Huenda mtulinga, mfupa wa kati ya shingo na bega, ulivunjika wakati wa kuzaliwa na sasa unaunga. Uvimbe ule ni mfupa mpya. Daktari athibitishe. Kwa kawaida hauhitaji plasta, inatosha kubana mkono wa nguo kifuani kwa pini.

Jicho lina doa jekundu la damu.

Ni kamshipa kalikopasuka kwa msukumo. Huisha kwa wiki 1 au 2. Lakini kama jicho halifumbi na mdomo unavutwa upande mmoja akilia, mshipa wa fahamu wa uso umebanwa: mpeleke apewe dawa ya kulinda jicho lisikauke.

Wangu hakulia alipozaliwa, alisaidiwa kupumua. Atapata mtindio wa ubongo?

Si lazima. Alama walizoandika dakika ya 1 na ya 5, kati ya 10, zinaonyesha hali yake wakati ule, hazitabiri maisha. Siku za kwanza zinasema zaidi. Anayenyonya kwa nguvu na kuamka mwenyewe anatia moyo. Anayelegea, au kukakamaa, arudishwe haraka. Degedege la mchanga halifanani na la mtoto mkubwa: anatafunatafuna mdomo mtupu, anapepesa macho bila kukoma, au anachezesha miguu kama anayeendesha baiskeli. Shika mguu huo: ukiendelea kuchezacheza mkononi mwako, ni degedege.

Baadaye, kliniki, taja wazi kwamba hakulia. Waulize kuhusu ngumi zinazobaki zimekunjwa baada ya miezi 4, na mtoto anayechagua mkono mmoja kabla ya mwaka. Watu humsifu kuwa ni shoto. Mara nyingi ni mkono wa pili usiotii.