Nyumbu Saba wa Notre Dame

SWALI: Hujambo Mwalimu. Mwanangu yuko kidato cha tatu hapa Kakamega na anacheza raga, jezi namba tatu, yaani propu, mmoja wa watatu wa mbele kabisa kwenye skramu, pale wachezaji wanane wa kila upande wanaposhikana na kusukumana. Mjomba wake aliye Marekani amemtumia picha ya vijana wanne wa Chuo Kikuu cha Notre Dame wakiwa juu ya farasi, kila mmoja na mpira wake, akamwambia hao ndio waliotwaa ubingwa wa 1924 bila kushindwa hata mechi moja. Tangu siku hiyo kijana amenuna. Anasema watu wa skramu hawaimbwi na mtu, na kocha asipomhamishia nyuma ataacha timu. Je, ni kweli watu wanne walishinda peke yao? Nimwambie nini?
Mama wa propu, Lurambi

JIBU: Mama, picha ni ya kweli na ubingwa ni wa kweli. Ila mjomba amemtumia mtoto nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo inayomhusu jezi namba tatu.

Mchezo wao, mpira wa Marekani, ni binamu ya raga. Kila upande una wachezaji 11, na enzi hizo saba walisimama mstari wa mbele na wanne nyuma yao. Wanne wa Notre Dame walikuwa Stuhldreher, Crowley, Miller na Layden. Walikuwa vijana wepesi, hakuna aliyefika kilo 75. Kocha wao, Knute Rockne, mzaliwa wa Norway, aliwafundisha kuhama pamoja kwa ghafla kabla mpira haujaanza, hata adui asijue pigo linatoka wapi.

Tarehe 18 Oktoba 1924 waliifunga timu ya chuo cha jeshi 13-7 jijini New York. Mwandishi Grantland Rice akawafananisha gazetini na wale wapanda farasi wanne wa kitabu cha Ufunuo. Waliporudi nyumbani, mwanafunzi aliyeshughulikia habari za timu, George Strickler, akatafuta farasi, akawapandisha, wakapigwa picha. Hiyo ndiyo picha aliyo nayo mwanao.

Sasa nije kwa wale saba. Waliitwa Nyumbu Saba. Usiwaze nyumbu wa Maasai Mara, Mama. Huyu ni baghala, mtoto wa punda na farasi, mnyama wa kubeba mizigo. Nahodha wa timu nzima alitoka kwao: Adam Walsh, mchezaji wa katikati ya mstari, yule anayeanzisha mpira kwa mikono yake. Katika mechi hiyo ya New York alicheza akiwa amevunjika mifupa ya mikono yote miwili, na bado akanasa pasi ya adui dakika za mwisho. Nimefundisha raga miaka mingi hapa Nakuru, na kila nikifika hapo kwenye habari hii huwa nanyamaza kidogo.

Msimu ule walicheza mechi 10, wakashinda zote, pointi 285 kwa 54. Nebraska, iliyokuwa imewashinda 1922 na 1923, wakaitandika 34-6. Fainali yao ilikuwa Pasadena, California, Siku ya Mwaka Mpya 1925, dhidi ya Stanford, wakashinda 27-10. Layden alifunga mara tatu, mbili kati ya hizo kwa kunasa pasi za adui na kukimbia nazo yadi 78 na yadi 70. Tachdauni ya nne, yaani bao la kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa adui, ilifungwa na Ed Hunsinger, mmoja wa nyumbu, aliyeuokota mpira uliomponyoka mchezaji wa Stanford akakimbia nao hadi ndani. Mwambie kijana jina hilo. Husimuliwa pia kwamba timu ilipiga kura kuamua nani muhimu zaidi, wapanda farasi au nyumbu, na nyumbu wakashinda 7 kwa 4.

Kwa hiyo mwanao amekosea kuhusu kazi ya mbele, lakini hakukosea kuhusu sifa. Hilo kosa ni letu sisi wakubwa, na mimi nimelifanya. Nilipokuwa mwalimu wa michezo, kila Jumatatu gwaride niliwasomea wanafunzi majina ya waliofunga trai, bao la raga. Msimu mzima. Siku moja propu wangu wa kushoto alikuja mlangoni mwa stafurumu na jezi aliyoifua, akaikunja vizuri mezani pangu, akasema, "Mwalimu, hii mpe mtu anayeonekana." Sikuwa na jibu. Hakurudi uwanjani tena, na hadi leo nikipita karibu na uwanja wa Nakuru Athletic siku ya mechi namkumbuka. Kuanzia wiki iliyofuata nilisoma kwanza majina ya wale wanane wa skramu, kisha wafungaji.

Mama, nenda umwone kocha wake. Mwombe kwa heshima ajaribu jambo hilo kwa mechi mbili tu. Na wewe mwenyewe Jumamosi ukifika uwanjani usifuate mpira kwa macho. Mtazame mwanao: skramu inapofungwa, miguu yake iko wapi, na nani anarudi nyuma. Akifika nyumbani mweleze ulichokiona, kwa maneno yako.

Akiendelea kutaka kwenda nyuma, si dhambi. Lakini amwambie kocha sasa, ahame msimu ukiisha, ili mwingine apate muda wa kufundishwa namba tatu. Kijana asiyezoeshwa, hata awe mnene vipi, asisukumwe mstari wa mbele kuziba pengo. Ni shingo yake itakayoumia.