Shangazi Anajibu: Eti poka ni mchezo wa wanaume?

*Shangazi shkamoo. Nafanya kazi kwenye nyumba moja ya Waitaliano huku Casuarina, Malindi. Wageni wakiwa hawako sisi wafanyakazi tunakaa uani tunacheza karata, na siku hizi ni poka tu, ile ya karata mbili mkononi na tano mezani. Mwanamke ni mimi peke yangu. Mwanzo nilikuwa naangalia, afu nikajifunza kwa simu, sa hivi nawashinda mpaka wananuna. Basi maneno yameanza, eti huu mchezo wa wanaume, mwanamke hawezi kuficha uso usisomeke ana karata gani, nikishinda wanasema bahati. Tunachezea soda lakini mshahara ukiingia wanaweka mia mia. Mamangu amesikia, amekasirika sana, anasema hiyo ni kamari. Kweli wako wanawake wanaocheza poka huko duniani ama niko peke yangu? Na hawa jamaa niwajibu nini? – Msomaji wa Shella, Malindi*

Marahaba mwanangu. Peke yako wapi! Ngoja nianze na hilo la uso manake limenichekesha.

Kuna msichana wa Norway anaitwa Annette Obrestad, alianza kucheza onlaini akiwa bado mdogo. Siku moja akaingia shindano la watu 180, karata zake mwenyewe akaziziba asizione, akachungulia mara moja tu, na akashinda. Sasa hapo uso ulikuwa na kazi gani? Alikuwa anawasoma wenzake tu, nani kaweka haraka, nani kasitasita, nani bado hajaongea, manake kwenye poka anayeongea mwisho, yani zamu yake ya kuweka ama kutupa ni ya mwisho, ashaona wenzake wote wamefanya nini na hiyo ni faida kubwa hata kama karata zake ni takataka. Huyo huyo mwaka 2007 akaenda London akachukua shindano kuu la Ulaya la World Series of Poker, yale mashindano makubwa ya poka duniani, pauni milioni 1, na ilikuwa bado siku moja atimize miaka 19. Las Vegas kwenyewe wasingemruhusu hata kukaa mezani, kule sheria ni miaka 21.

Na bahati? Bahati ipo, lakini waambie haichagui buibui wala kanzu. Mwaka 1995 Barbara Enright wa Marekani alifika meza ya mwisho ya shindano kuu la hiyo World Series kule Las Vegas, mwanamke wa kwanza kabisa, na yale mashindano yalikuwa yanachezwa tangu 1970. Akatia chipu zake zote, zile sarafu za kuchezea, akiwa na karata mbili za nane, mwanamume mmoja akamfuata na sita na tatu, ebu fikiria, sita na tatu! Nane mbili hapo zinashinda zaidi ya mara tatu kati ya nne. Mezani zikaja karata za kumfaa yule bwana akashinda yeye, Enright akatoka nafasi ya 5. Sasa hapo nani alikuwa na bahati, mwanamke ama mwanamume? Baada yake ikapita miaka 30 mpaka 2025 ndo akafika mwingine kwenye hiyo meza ya mwisho, Leo Margets wa Hispania, akamaliza wa 7.

Miaka 30 ni mingi na wenzako wanaweza kuikamata hapo hapo wakwambie si umeona, hawawezi. Lakini angalia mlangoni kwanza kabla hujaangalia meza ya mwisho. Kwenye lile shindano kuu ukihesabu watu 100 wanawake hawafiki hata 10, mara nyingi wanazunguka kwenye 4 hivi, na kiingilio ni dola 10,000. Wakiingia wanne kati ya mia utategemea wangapi wafike mwisho? Nani ana dola elfu kumi za kuweka kwenye karata, nani anaweza kukaa mezani mpaka usiku wa manane na watoto amewaacha na nani, na ukikaa kuna mtu atakufundisha mchezo wako mwenyewe ilhali hujamuuliza. Haya ndo yanayowapunguza wanawake, akili haimo humo.

Ndo maana tangu 1977 kukawekwa na shindano la wanawake pale pale World Series. Wako wanawake wanaolipinga, wanasema ni kama kuambiwa nyinyi chezeni kando. Mimi siko upande huo. Sisi wa pwani tunajua, ukumbi wa harusi ukiwa wa kina mama peke yao hata yule mwenye haya anasimama anacheza, na mwaka ujao hana haya tena. Kichekesho ni kwamba wanaume nao wakaanza kuliingia hilo shindano, na sheria ya kule Nevada hairuhusu kumzuia mtu kwa sababu ya jinsia yake. Waandaaji wakapata ujanja 2013: kiingilio kimetangazwa dola 10,000, mwanamke anapunguziwa analipa 1,000. Bwana akitaka kuja na aje, alipe elfu kumi yake. Wallahi aliyefikiria hilo nampa mkono.

Haya, mamako. Mimi si sheikh lakini Suratul Maida aya ya 90 inajulikana, kamari imetajwa pamoja na pombe, na hiyo mia mia yenu ni kamari hata ikiitwa mchezo wa uani. Na soda pia mjiangalie, kama aliyeshindwa ndo anainunua basi bado ni dau. Chezeni kwa kokwa za tende, wa mwisho aoshe vikombe. Utaona nani alikuwa anapenda mchezo na nani alikuwa anapenda mia yako.

Na jibu la hao wenzako usiwape kwa mdomo. Wao wameshaamini kwamba mwanamke haweki mpaka awe na karata nzuri, kwa hiyo ukiweka watakuamini watatupa zao. Waache waendelee kuamini hivyo.

*Shangazi, mke wangu na shoga zake wameanza kucheza poka kwenye simu, ya pointi za bure, hakuna pesa. Barazani wenzangu wananicheka. Nimkataze? – Mume, Mkomani, Lamu*

Hapo barazani mnafanya nini kama si kucheza dhumna na bao tangu alasiri mpaka adhana? Basi. Kitu kimoja tu mkae muangalie pamoja: hizo programu za bure zinapenda kukuuzia pointi zikikuisha, na mara nyingi hizo pointi ukishinda hazirudi kuwa pesa. Kwa hiyo hata ukishinda umeshatoa. Muondoe namba ya malipo kwenye hiyo programu, afu umuombe akufundishe, itakusaidia na wewe kunyamaza ukipigwa dhumna.

*Shangazi tusaidie, tumegombana hapa. Mmoja ana karata tano za kopa zimechanganyika, mwingine ana tano, sita, saba, nane, tisa za rangi mbalimbali. Nani kashinda? Dada mkubwa ndo mwenye kopa. – Ndugu watatu, Langoni, Lamu*

Kashinda mwenye kopa. Kwenye poka kinachopatikana kwa shida ndo kinashinda. Ukigawa karata tano kutoka kwa zile 52 kuna namna 2,598,960 za kuzipata, na za kufuatana kama hizo tano mpaka tisa ziko 10,200, lakini za aina moja bila kufuatana ziko 5,108 tu, yani kama nusu. Zingekuwa tano mpaka tisa zote za kopa hapo ni habari nyingine kabisa, hiyo inawapiga wote wawili. Dada mkubwa apewe ushindi wake, na huyo wa tatu ambaye hamkusema alikuwa na nini, mimi nafikiri alikuwa anablafu, yani anajifanya ana karata nzuri na hana kitu.